Chicha

Swali la kumi na saba:
Siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote ya malipo,
hata kwa saa moja?

"Kazi? Sina kazi, mwanangu. Nakaa tu,"
anasema Bi Nyamvula, na mkono hausimami:
amekalia mbuzi, nazi ya nne inakwaruza chini ya kiganja,
unga wake umempanda hadi kwenye nyusi.
Pembeni mbaazi zinatokota. Mahamri ya alfajiri yamebaki sita
chini ya kitambaa. Chaani, nyuma ya ukuta wa makontena.

Nikibonyeza Hapana, kishikwambi kitaruka hadi la thelathini
na sote wawili tutaiwahi adhuhuri.
Nimebonyeza Ndiyo.

Basi tukahesabu. Huamka saa kumi, jogoo wa jirani hajakohoa.
Hukanda, hukaanga, huenda getini kwa makuli
(walikuwa mia, anasema, kabla mizigo haijapanda treni
kwenda kushukia bara; sasa wakifika ishirini ni sikukuu).
Hurudi, hukuna, huchuja, huosha sufuria za watu,
hufunga hesabu magharibi. Kumi na nne kwa siku.
Na Ijumaa?
"Ijumaa tumbo hulala?"
Nikaandika tisini na nane. Kioo kikawa chekundu:
Jibu limepita kiwango. Hakiki.
Nikahakiki. Nikamtazama vidole.
Nikaandika sitini, kioo kikaridhika.

Thelathini na moja: kuna mwanakaya anayeishi nje ya nchi?
"Mejumaa hayuko nje," akasema. "Yuko kwa watu."
Dammam, mwaka wa tatu, chumba kisicho na dirisha.
Pesa huja mwezi mmoja, miwili haiji;
huja sauti yake usiku, dakika moja, ikinong'ona
kama ya aliyeficha simu ndani ya unga.
Kisanduku cha kunong'ona sikukiona.
Nikatia alama: Hutuma fedha, wakati mwingine.

"Nawe, hii yako ina mshahara?"
Nalipwa kwa fomu, Bi Nyamvula. Mia tatu iliyokamilika,
iliyoachwa nusu hailipwi. Nauli yangu. Mkataba wa mdomo.
Akakamua kifumbu, tui likateremka jeupe, zito,
akacheka mpaka akaegemea ukuta:
"Kumbe nawe unakaa tu!"

Miezi mitano baadaye, hoteli moja Nyali, kiyoyozi kinauma meno.
Dokta Mwakio anaonyesha mstari unaopanda ukutani.
Si mtu mbaya. Nilipougua homa alinitumia pesa za dawa
na hakuzikata baadaye. Mamake alisuka vikapu vya mkonge
akamsomesha navyo; kwenye sensa wakaandika: mama wa nyumbani.
Hilo alilisema mara moja tu, ndani ya gari, akitazama dirishani.
Leo anasema: wastani wa saa za kazi, hamsini na mbili.
Anasema: vitone hivi vilivyokaa mbali na mstari
tunaviita masalio, ni kile ambacho modeli yetu haikukieleza.
Fimbo yake ya mwanga inavigusa kimoja kimoja, kwa upole,
kisha inaviacha.

"Kuna swali?" anauliza, na vikombe vimeanza kugongana.

Mimi niko nyuma kabisa, karibu na birika,
nami najua zilipo.
Saa thelathini na nane nilizozikata kwa kidole hiki
ziko Chaani, kwenye ungo nje ya mlango,
zimekamuliwa mara mbili, zimekauka.
Kuku wanazidonoa.